Mche wa Kwanza

Mwanaidi alikwenda kwa Mzee Jabiri kuazima ungo tu. Akawakuta baba na mwana wamesimama ukingoni mwa shamba lao la Sindeni, mvua ya kwanza imeshalainisha udongo. Katikati yao ilipangwa miche ya michungwa, bado imo kwenye viriba vya plastiki, ambayo mwana, Muhidini, aliileta jana kutoka Korogwe.

"Shikamoo, mzee," Mwanaidi alisalimu.

"Marahaba, Mama Zaidi. Afadhali umekuja. Hebu muulize huyo, mahindi tutapanda kichwani mwake?"

Huyo mwenyewe alikuwa karibu kiasi cha kushikwa mkono. Mwanaidi akamgeukia. "Baba yako anauliza mahindi yatapandwa wapi."

"Mwambie michungwa italisha mpaka wajukuu zake."

"Mzee, anasema italisha wajukuu."

"Wajukuu gani? Hata mke hana."

Hilo Mwanaidi alilimeza. Hakuelewa tena kama ugomvi ni wa mahindi au wa mke.

"Muulize," mzee aliendelea, "mti wa kudumu hupandwa na nani?"

Muhidini akainama. Nani asiyejua? Kwenye shamba la kuazima unapanda mahindi, unavuna, unaondoka. Mti hupandwa na mwenye ardhi. Kumbe, Mwanaidi aliwaza, mzee anaona anarithiwa angali hai.

"Mwambie nimechoka kungoja," Muhidini alinong'ona.

Kungoja nini? Baba yake afe? Mzee amesikia, hakusikia? Uso wake haukusema kitu. Neno lile halibebeki, na kabla hajafikiri kinywa kikajisemea: "Anasema mche wa kwanza uupande wewe."

Muhidini akamkodolea macho. Mzee Jabiri akachukua jembe, akachimba, akachana kiriba, akaupanda mche na kuushindilia kwa kisigino.

"Mwambie huu wangu. Akitaka kupanda mingine, aniombe."

Muhidini akamgeukia Mwanaidi. "Mwambie naomba."

Mwanaidi alitazama huku, akatazama huku. "Anaomba, mzee."

"Nimesikia." Akamkabidhi Mwanaidi jembe. "Mpe."

Kama amesikia, jembe nalo lipitie kwake la nini? Mwanaidi alibaki na jembe la watu mkononi, hajui kama amepatanisha au amedanganya, na Muhidini ameshanyoosha mkono.