Zamu ya Kuosha

Mimi kitu kikinyooka haraka huwa naogopa. Mama husema nilizaliwa na shaka, lakini ni kazi iliyonifanya hivi, na wiki ile nilisahau kuogopa.

Kazi yenyewe ni hii. Mashine zinazopima pumzi za wagonjwa, zile zenye waya wa kubana kidoleni, zina kompyuta ndani, na kompyuta ina kiini kinachogawa kumbukumbu kwa kila programu: chukua, tumia, rudisha. Kampuni ninayoifanyia kazi kutoka chumbani kwangu hapa Mishomoroni hutumia kiini cha zamani, maana ndicho kilichopimwa kikaidhinishwa, na hakuna anayethubutu kukibadilisha. Lakini kilikuwa na kasoro. Kuna kumbukumbu kilikuwa hakirudishi, na mashine ikikaa siku nyingi bila kuzimwa ilijaa ikaganda. Waliotengeneza toleo jipya la kiini hicho walikuwa wameshashona kiraka, maagizo machache ya kuiziba. Nikaambiwa nikichukue kiraka chao cha toleo jipya, nikishone kwenye kiini chetu kikuukuu.

Kiliingia bila kugoma hata mstari mmoja wa maagizo. Nikakijaribu kwenye mashine ya ofisi, yenye kidole cha bandia kisichoishiwa pumzi, haikuganda, nikapongezwa. Asubuhi moja kikapelekwa kwenye zahanati mbili, ya Bombolulu na ya Chaani. Bombolulu ndiko alikolazwa baba, mapafu yamejaa maji, na mdogo wangu Mussab alikuwa akimuuguza. Nilijiona mwana mwema kwelikweli. Mashine ya baba isingeganda tena.

Siku ile ile baada ya adhuhuri akaingia jirani yetu Bi Zubeida na bakuli la kaimati, za kutupa pole kwa ajili ya mgonjwa. Nikatia moja mdomoni. Ilikuwa tamu, halafu likaja shombo.

"Bi Zubeida, kaimati gani hizi zanuka papa?" nikasema. Mdomo wangu hauna breki.

Mama akalinusa bakuli. "Hili si letu? Nalikupa asubuhi ulipokuja kuazima. Hukuliosha?"

"Nilioshe vipi, nawe wanipa chombo cha kwako? Nalijua mushaliosha!"

"Nami nalijua utaliosha mwenyewe kabla hujatia kitu!"

Wakacheka wote wawili, wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nikakimbilia kompyuta, nikakifungua kile kiraka.

Kwenye kile kiraka kulikuwa na mstari uliofutwa. Ulikuwa mstari wa kuosha. Kipande cha kumbukumbu kikitolewa, ndani huwa mna mabaki ya aliyekitumia kabla, na lazima pawe na wa kuyafuta. Kwenye toleo jipya kiini chenyewe huosha kabla ya kutoa. Kwa hiyo walioshona kiraka wakaona hakuna haja ya programu ya vipimo kuosha tena, wakaufuta mstari ule. Nami nikaufuta kama wao. Lakini kiini chetu kikuukuu hakioshi. Hakijawahi kuosha. Kinakupa bakuli na shombo lake, kikijua utaosha wewe.

Nikampigia Mussab.

"Baba yukoje?"

"Alhamdulillahi, yuwalala. Mashine yasema tisini na saba kwa mia."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Haijateremka hata kidogo, mashallah."

Pumzi ya mtu hupanda na kushuka, hata ya mzima. "Mussab, mtoe ule waya kidoleni."

"Dada, nesi atanigombeza—"

"Mtoe!"

Nikasikia shuka likivutwa. "Haya, nimeutoa. Nimeushika mkononi."

"Mashine yasemaje?"

Nilimsikia akiisogelea.

"Tisini na saba," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa mtoto.

Ilikuwa pumzi ya baba ya asubuhi. Mashine iliiokota kwenye mabaki yasiyooshwa, ikawa inatuonyesha hiyo hiyo, na baba wa mchana hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Mtazame midomo!" nikapiga kelele, mama akaacha kucheka. "Ina rangi gani? Mwite nesi, wamtie oksijeni! Wasiitazame mashine, wamtazame yeye!"

Simu ikaanguka. Nikasikia watu wakiitana, mtungi ukiburutwa, mtu akiuliza mbona kucha zimekuwa nyeusi. Mama alining'ang'ania mkono akiuliza kuna nini, kuna nini, mwanangu. Niliogopa baba asije akafa, na niliogopa vilevile mama asije akajua ni mkono wa nani, huu huu alioushika. Bi Zubeida alisimama pale na bakuli lake, midomo ikimchezacheza kwa dua.

Muda ulipita, sijui mwingi kiasi gani. Kisha Mussab akarudi kwenye simu, anahema.

"Amekohoa. Dada, amekohoa! Amefumbua macho, amtukana nesi kwa kumbana pua."

Nikakaa chini sakafuni nikalia. Mama akasujudu palepale bila kuuliza tena. Nikashukuru, nikajifuta uso kwa mtandio, nikasema moyoni, yamekwisha.

Hapo ndipo nilipokumbuka Chaani. Kwa hofu ya baba yangu nilikuwa nimewasahau baba za watu.

Nesi wa zamu kule aitwaye Jumwa nilikuwa nikimfahamu, ndiye aliyekuwa akitupigia kila mashine ikiganda. Nikampigia, akapokea kwa furaha.

"Ahsante, dada, mumetufanyia kazi nzuri. Leo tumepumzika, hakuna kengele iliyolia. Mashine zote zasema vizuri."

"Jumwa, nakuomba, usizitazame mashine. Nenda ukawaguse. Mmoja mmoja."

"Kwani kuna—"

"Nenda!"

Akaiweka simu mezani. Nikasikia ndara zake zikienda, zikasimama. Zikaenda tena, zikasimama. Halafu zikakimbia.