Rojo Kabla ya Maji

Mie ndiye niliyekuwa mpishi mkuu wa Avelina, mpwa wangu wa miezi minane, huku kwetu Tegeta. Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka niliyasoma mara moja tu, nikaona inatosha. Kwa hiyo dada yangu Loveness, ambaye namwita da Lavu, alipopata kazi ya ukarani kwenye yadi ya makontena Kurasini, mwenye nafasi ya kulea akaonekana ni mie, Wilbert. Shemeji Stanley anaendesha lori la kwenda Lubumbashi, na nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo: wawili wanasema wamemwona, wengine wanabisha.

Mapishi yangu yalikuwa hivi. Boga, karoti na kiazi kitamu navichemsha kwa maji kidogo, naponda kwa mwiko, napitisha kwenye chujio, naongeza parachichi au kijiko cha karanga zilizosagwa. Linatoka rojo la njano, zito, linasimama kwenye kijiko bila kushikwa mkono. Napiga picha, namtumia da Lavu kila saa saba mchana. "Mteja wa meza namba moja ameshahudumiwa. Hajaacha bakshishi." Kule ofisini wakawa wanazungushiana simu. Karani mmoja aliuliza kama napokea na watu wazima.

Kilichofuata baada ya picha sikukipiga picha. Nilikuwa namimina maji ya moto vikombe viwili kwenye rojo lile, nakoroga mpaka linakuwa kama maji yaliyooshewa karoti, kisha nalitia kwenye chupa ya kunyonyea. Chuchu ya chupa niliikata ncha kwa wembe ili lipite. Avelina ananyonya, tumbo linajaa, analala. Majirani wakawa wanamsifia: mtoto mtulivu huyu, jamani.

Mwanzoni nilitumiaga kijiko. Alikuwa na miezi sita na wiki moja siku kipande cha kiazi kilichoponyoka kwenye chujio kilipomkwama kooni. Hakulia. Hilo ndilo nililokuwa silijui, kwamba mtoto akikwamwa hatoi sauti. Midomo ikageuka rangi ya wino. Nikamlaza kifudifudi mkononi, nikampiga mgongoni, nikampiga tena na tena, mpaka kikatoka, kadogo kama punje ya mahindi. Akalia. Nami nikalia, ila yeye ndiye aliyenyamaza kwanza. Da Lavu aliporudi akauliza siku imekwendaje. Nikamjibu mteja kalalamika kidogo kuhusu huduma.

Miezi sita alikuwa na kilo sita na pointi tisa. Miezi saba, sita na pointi sita. Habari zikafika Tukuyu, na Bibi Bupe, mama yake Stanley, akaja mwenyewe na begi moja. Stanley akapiga simu kutoka huko njiani, akaongea sote tunasikia: uzito ukishuka tena mwezi ujao, mtoto aende na bibi yake. Da Lavu akakubali. Alikuwa na uhakika. Picha si alikuwa nazo?

Siku ya kliniki aliomba ruhusa kazini, ya siku moja, tukaenda sote na Bibi Bupe. Mizani ikasema sita na pointi moja. Nesi Mwanaheri akachora kwenye kadi, na mstari ukatoka kwenye kijani ukaangukia kwenye kijivu cha uzito pungufu.

"Anakula nini huyu?"

Da Lavu akafungua simu. "Huyu anakula vizuri, nesi. Ona. Hii jana. Hii juzi."

Nesi akaziangalia kwa muda. "Kama anakula hivi na bado anashuka, kuna kitu ndani kinamla. Tumpime damu kwanza."

Wakamtoboa kidole. Avelina akapiga kelele huku ananiangalia mie, mpishi wake, nami nikaangalia bango la chanjo ukutani. Majibu yakatoka: hana malaria, hana chochote.

"Chakula chake cha leo mmebeba?" nesi akauliza.

"Mpishi hatembei mikono mitupu, nesi."

"Mlishe nione."

Nikatoa chupa. Nesi akaichukua, akaigeuza juu chini. Maji ya rangi ya chungwa yakachuruzika sakafuni bila hata kusita.

"Hiki ndicho kilichomo kwenye picha?"

"Ndicho, ila kimechoka na safari."

Mdomo wangu huwa unatangulia. Mama mmoja kwenye benchi akacheka. Da Lavu hakucheka.

"Kijana, mtoto huyu anashiba maji. Tangu lini?"

"Tangu alipofikisha miezi sita na kidogo."

Nesi akamgeukia dada. "Hajaharibika. Rojo zito, kwa kijiko, na ziwa lako lisikatwe. Mrudisheni baada ya wiki mbili."

"Hizo wiki mbili atakuwa na nani?" Bibi Bupe akauliza. "Nauliza mie. Mama anatoka giza, anarudi giza. Wa kumlisha ni huyu?" Alinielekeza kwa kidevu.

"Mama, naomba hizo wiki mbili tu," da Lavu akasema.

"Nilikupa mwezi, mwanangu."

Da Lavu akampigia Stanley. Stanley akasema maneno mawili: "Mpe mama."

Kesho yake da Lavu alikwenda kazini, maana ruhusa ilikuwa imekwisha. Mie ndiye niliyewasindikiza stendi. Bibi alikuwa amembeba Avelina mgongoni, na mtoto alikuwa amelala. Pale mlangoni pa basi nikamweleza Bibi ile habari ya kiazi, ya midomo, yote. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Akanisikiliza hadi mwisho.

"Wote hukwamwa," akasema. "Unakitoa, kisha unaendelea kumlisha."

Akapanda.

Saa kumi jioni da Lavu akarudi mapema. Walimruhusu kwa sababu blauzi ilikuwa imelowa mbele, mabaka mawili. Akaketi kwenye kigoda uani, akachukua kikombe, akaanza kujikamua. Kila akimaliza upande mmoja anamwaga kwenye karo. Nikamsimulia na yeye habari ya kiazi.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungeniacha naye?"

"Nisingekuacha."

Akahamia upande wa pili.

"Sema kitu basi, Wilbert. Si huwa una maneno? Nichekeshe."

Nikatafuta. Nilitafuta kweli. Yeye akakimwaga kikombe, akakisuuza, akaanza tena.