Chuma na Mluzi

Jumamosi mchana, mjane wa fundi wa kuchomelea aliingia makumbusho ya sanaa pamoja na binti yake. Viatu vipya vilimbana, lakini furaha haikumpa nafasi ya kulalamika. Hakuwahi kuona sanamu za kisasa. Palikuwa na kiti cha mguu mmoja, yai la jiwe lililomzidi kimo, na nyaya zilizoning'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani. Alizunguka kila moja, akacheka, akarudi kuitazama upya.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni vile unavyoiona, mama."

"Basi ni mbuzi," alisema, akaridhika.

Katika ukumbi wa mwisho ilisimama sanamu ya chuma, tumbo kubwa lisilo na kichwa. Alipoikaribia, ikapiga mluzi: mfupi, mfupi, mrefu.

Mjane aliujua. Marehemu mumewe hakuziba uwazi wowote wa chuma bila kwanza kuupigia mluzi ndani. Alisema chuma kilichozibwa kimya hushika kutu mapema. Ndio mluzi uleule aliopiga langoni kila jioni ili afunguliwe. Mjane akaitikia kwa mluzi mfupi, na sanamu ikamgeuzia tumbo.

"Kupiga mluzi hupiga kila siku," mlinzi alisema. "Kugeuka ndiyo mara ya kwanza leo."

Binti alisoma kibao: jina la msanii maarufu, kisha malighafi iliyotumika: "Chuma". Baba yake hakutajwa.

Msimamizi akaitwa.

"Msanii alileta mchoro tu," mjane alimwambia. "Mume wangu ndiye aliyekata, akakunja, akachomelea. Naomba jina lake liwepo, hata kwa herufi ndogo."

Msimamizi alitega sikio kwenye chuma, akasikiliza hadi machozi yakamlengalenga. "Una haki, mama. Kibao kina upungufu."

Hakukawia kurudi na kibao kipya. Mjane alimshika binti mkono kwa shauku, kwa kuwa miwani aliiacha nyumbani.

"Wameandika?"

Binti alisoma. Jina la msanii lilikuwa palepale, na chini yake: "Chuma na mluzi."

"Wameandika mluzi, mama."

Saa ya kufunga ilipofika, mlinzi aliwatoa kwa heshima, akafunga mlango nyuma yao. Ndani, mluzi ukalia: mfupi, mfupi, mrefu.

"Huyo amefika," mjane alisema, mkono tayari kwenye kitasa.