Nyumba ya Kuku ya Mama Mushiya

Siku batu ya kampuni balipita na rangi nyekundu mu avenue yetu, hapa Kapata, baliandika namba ku ukuta wa kila nyumba. Namba ilikuwa na maana moja: mine, shimo ya kampuni, inakuja mpaka hapa, utahama, lakini kule ng'ambo utajengewa nyumba ingine. Ya tata Mukalay, jirani yangu wa kuume, balipiga 41. Ya kushoto, 42. Yangu balipita tu, kama vile mutu anapita mulevi amelala ku njia.

Nikaita ule mwenye kopo ya rangi. "Papa, ukuta wangu unanuka?"

"Mama, hapa haiko nyumba mu karte."

"Na huyu anakusemesha, anatokea wapi?"

Aliangalia ile ramani mu tableti yake. Mi hakuniangalia.

Mujukulu wangu Ndaya, ule anasoma jeografia ku chuo, alikasirika mpaka akakataa kula bukari. "Kambo, kampuni haikujichorea karte. Ilichukua ile ya bure iko ku internet, batu ya dunia nzima banaichora. Na mi naweza kuichukua. Tutaona kosa iko wapi, tutabapelekea ku biro ya kampuni. Malalamiko banapokea mpaka siku ya tano."

Akanunua mega za internet, akafungua ordinateri, kompyuta yake, juu ya meza yangu, pale nakatia majani ya sombe. Kwanza alishusha mupaka wa mine: mustari mwekundu. Halafu picha ya satelite: mabati yetu yote, na langu lenye kiraka cha bluu. Nililipungia mukono. Halafu akaomba nyumba zenyewe. Ile ilikuwa nzito, internet yetu inatembea na magongo. Wakati tunangojea, alinieleza: ni kama vioo unalalisha kimoja juu ya kingine, mpaka inakuwa Kapata.

"Mbona unatoka jasho, kambo?"

"Ni sombe."

Sombe haitoi mutu jasho. Mi nilikuwa nimeisha kujua.

Nyumba zikatokea, vipande vya rangi ya machungwa, kama sabuni imekatwa. Ndaya akapiga kelele ya furaha: mahali petu palikuwa na kipande pia. Lakini chetu kilikuwa kijivu. Akakibonyeza, maneno yakafunguka, yenye tarehe ya miaka tano nyuma: nyumba ya kuku, haikaliwe na mutu, alijibu mama mwenyewe.

Alinigeukia polepole. "Kambo. Ni wewe?"

Ilikuwa mi.

Miaka tano nyuma vijana babili balikuja na telefone, na heshima mingi, banauliza ku kila mulango: muko batu ngapi, munatoka wapi. Ile ya pili njo niliiogopa. Mi nilizaliwa hapa Kapata, lakini baba yangu alitoka Kasai kuja kuchimba. Mu mwaka wa makumi kenda na tatu alikuja mwingine na kaye yake ya kuandikia, heshima ile ile, maswali yale yale mabili. Kisha kaye ilikuja petroli: batu yote ya Kasai balifukuzwa mu Katanga, nyumba zabo zikachomwa. Tulilala ku gare miezi mibili, tunangoja treni ya kutupeleka ku Kasai tusiyoijua. Mutoto wangu wa mwisho, Muamba, alibakia pale karibu ya reli, bila musalaba.

Siku tulirudi Kapata, nyumba ilikuwa imesimama. Tata Mukalay, mutu wa kaskazini ya Katanga, alikuwa ameambia bale bachomaji: "Hii ni yangu, nafugia kuku." Na kuku zake alizifungia kweli mu salon yetu, pale tunakaribishia bageni. Zilichafua mpaka kitanda cha ndoa, zikatuokolea paa.

Basi bale vijana nilibaambia vile vile: nyumba ya kuku. Nikawika pia kidogo, ili baamini. Balicheka, mi pia nilicheka wiki nzima. Nilijiona mwerevu.

Ndaya hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi. Karte ya bure, kila mutu anaweza kuitengeneza. Aliandika: nyumba, batu batano. Kipande kikageuka machungwa. Siku ya tano tukaenda ku biro na karatasi, tata Mukalay akiwa shahidi wetu.

Tata Godefroid, mukubwa wa pale, alifungua ordinateri yake. "Hii imebadilishwa juzi. Na nani? Na Ndaya." Akamutazama. "Sisi tunafuata karte ya mwezi wa kwanza. Mwenye kujenga ku ordinateri kisha pale, hajajenga."

"Mi nakula mu nyumba hiyo toka zamani!" tata Mukalay akasema.

"Na kuku, tata? Mama mwenyewe njo alisema." Akafunga. "Lakini kampuni haiibie mutu. Nyumba ya kuku nayo tunairudisha."

Bakarudisha. Asubuhi ile kamio ilikuja kupakia bitu ya 41 na 42, balinishushia waya wa kuku, umekunjwa vizuri, na miti sita. Nilitia sahihi. Nikauliza kama ni ya kuku ya mayai ao ya nyama, shofere hakujua.

Tata Mukalay, mbele ya kupanda, alikuja kuniachia kuku zake mbili, miguu imefungwa. "Mama Mushiya, unisamehe. Ni mi nilianza uongo."

"Uongo wako ulinipa miaka makumi tatu, tata. Wangu njo ulikuwa mubaya."

Ndaya alikaa juu ya ule waya, ordinateri imefungwa ku magoti. Kule mwisho wa avenue mashini ilikuwa imeanza kula ukuta wa kwanza.

Nikafungua miguu ya kuku, nikazitia mu salon, nikazifungia na ufunguo. Nikakaa inje.