Mguu wa Alute

Waombolezaji walikuwa wameshaanua matanga, na Rahabu alikuwa uani kwake, kijijini Mwankoko, akipiga alizeti kwa fimbo, mguu wa kushoto wa mumewe ulipofika. Ulikuja peke yake kwa barabara ya mjini, ukirukaruka pembeni kupisha bodaboda. Ulikuwa ndani ya buti la jeshi, tope jekundu limeugandia hadi gotini. Rahabu aliukaribisha, akaenda kuuchotea maji.

Alute aliuacha Uganda mwaka sabini na tisa, bomu lilipolipua lori lao. Wenzake waliojua habari hiyo walikufa mmoja mmoja, na walipokwisha, ofisi ya jeshi mjini wakasema huyu hakupigana popote, alikuwa mlevi aliyekanyagwa na gari. Alute hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha. Kila siku ya mashujaa alisimama kwa magongo nje ya kamba ya uwanja wa gwaride, na wapita njia walimdhania mwombaji. Alizikwa bila bendera.

Rahabu aliuosha mguu ule taratibu. Ulikuwa wa kijana, msuli umekaza, na juu ya kifundo lilikuwepo kovu la jembe alilomkata nalo yeye mwenyewe bila kukusudia, walipokuwa wakipalilia uwele mwaka waliooana. Aliliweka shavu lake pale, akalia mpaka maji yakapoa.

Kesho yake aliufunga kwenye khanga, akaupeleka ofisini kule mjini. Ofisa, kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo, akaupapasa, akavikuta vipande vya chuma ndani ya nyama.

“Mguu sawa!” akaamuru.

Ukasimama wima. Ofisa akatikisa kichwa kwa huruma.

“Ni wa vita, mama, sikatai. Lakini hausemi ulikuwa wa nani.”

“Mimi nasema.”

“Wewe ni mke. Tuletee mwenyewe.”

Rahabu alikwenda kwa shemeji yake, Philipo, akamwomba kaburi lifukuliwe, Alute apelekwe pamoja na mguu wake. Philipo alisema ukoo wao haufukui mtu. Rahabu akapiga magoti. Philipo naye akalia, ila hakubadili neno.

Siku ya mashujaa akaenda hivyo hivyo, na mguu tu. Bendi ilipoanza, mguu ulimchomoka mikononi, ukaruka kamba, ukajipanga nyuma ya askari na kupiga gwaride bila kukosea hatua. Askari wa nyuma walisogea kuupa nafasi. Majina ya mashujaa wa mkoa yalisomwa. Rahabu alisikiliza ameshika kamba kwa mikono miwili, hadi msomaji alipokunja karatasi yake. Alute hakutajwa.

Watu walitawanyika, viti vikapakiwa, na mguu bado umesimama sawa juani, ukitetemeka kwa uchovu. Rahabu alipita chini ya kamba kwenda kuuchukua. Ofisa alikuja kumsaidia kuufunga.

“Mwakani uuwahishe, mama,” akasema. “Tutauweka mstari wa mbele.”