Masizi ya Hoteli ya Nyota

Mji wetu uko kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Nyamira. Jina lake sitalitaja, maana manispaa yetu ni watu wa kukasirika upesi na kujibu barua polepole. Fahari ya mji ni moja tu, Hoteli ya Nyota, iliyojengwa kabla mimi sijazaliwa. Posa za nusu ya watu wa upande huu zilipatanishwa kwenye meza zake, na wale walioachana baadaye waliendelea kuja kula hapohapo, kila mtu na pembe yake. Mimi nilipika katika jiko lake miaka ishirini na sita, ugali wa wimbi na saga, yaani mboga ya mgagani, juu ya mafiga yenye moto wa kuni. Marehemu mume wangu Ogoti ndiye aliyepasua kuni zile mpaka mwezi aliofariki.

Baadaye paa likavuja, mwenye hoteli akafa, watoto wake wakaiuzia manispaa, na manispaa ikaifunga ili iitengeneze. Iliitengeneza miaka minne. Kazi ya kwanza ilikuwa kibao cha kusema kazi inaendelea. Kilipopauka wakaweka kingine.

Mwaka huu meneja wa manispaa, Bwana Nyamongo, akaniita ofisini. Ni mtu mnene, mpole, asiyeweza kumkatalia mtu yeyote, na mimi naona kwa kiongozi hilo ni baya kuliko ukali. Akaniambia hoteli inafunguliwa, sasa imeandikwa kuwa urithi wa mji, na jikoni wanamtaka mpishi wa zamani. Kazi ilikuwa yangu mradi niwe pale siku ya ufunguzi. Wakati huo nilikuwa nauza ndizi kando ya soko la Mosocho, juu ya gunia, mvua ikinijua kwa jina. Nilipotoka ofisini nilipiga magoti palepale kwenye korido kushukuru. Karani akadhani nimezimia, akaleta maji.

Juma lililofuata nikapata barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa Fred Ratemo, afisa wa afya, ikiamuru masizi yote ya ukuta wa jikoni yaoshwe, la sivyo nishtakiwe. Ya pili ilitoka kwa Lavender, afisa wa utamaduni, ikiamuru mtu asiguse masizi hata kwa kidole, kwa kuwa ndiyo historia yenyewe, la sivyo nishtakiwe. Ofisi zao zimetenganishwa na ubao mwembamba. Mmoja akipiga chafya mwenzake husema pole. Nami miaka yote ile nilidhani masizi ni uvivu wangu.

Nikazipeleka barua zote kwa Nyamongo. Kamati ikakaa mara tatu, ikanywa chai mara sita, ikapata njia ya kumridhisha kila mtu. Masizi yataoshwa, kisha ukuta utapakwa rangi nyeusi. Fred akapitisha kwa sababu rangi inaoshika. Lavender akapitisha kwa sababu ni nyeusi. Wakapigwa picha wameshikana mikono. Rangi yenyewe ilikuwa ile ya mabati iliyobaki kwenye paa. Nikamweleza Nyamongo kwamba ukuta ule unapakana na mafiga, ukipata moto hauguswi. Akanijibu kwa upole kwamba jambo hilo kamati imeshalifunga.

Hayo ningeyameza. Kilichonikwama ni tarehe. Waliweka ufunguzi Jumamosi, katika mji ambao nusu yake ni Wasabato, Nyamongo akiwa mmoja wetu, maana jina lake liko kwenye kitabu cha kanisa ingawa mwili wake huwa kwingine. Mheshimiwa wa kutoka Nairobi, mgeni wa kukata utepe, alikuwa na nafasi siku hiyo tu. Nikaomba nipike Ijumaa kabla jua halijatua, kama tunavyopika majumbani mwetu sote, chakula kilale kwenye hotipoti. Nyamongo akasema mgeni lazima aone moto ukiwaka, ndio urithi.

"Omong'ina," akaniambia. Hilo huku kwetu ni jina la heshima kwa mama mzee, na hutumika sana mtu akitaka kukudhulumu. "Ni Sabato moja tu. Mungu anakujua."

"Ananijua. Ndiyo shida."

"Usipokuja, jiko nitampa mtu mwingine. Si kupenda kwangu."

"Mpe."

Nisidanganye kwamba nilitoka pale kama shujaa. Nililia nyumbani mpaka kuku wakanikimbia. Nilimwomba Mungu abadilishe tarehe, nikaona hana haraka. Ijumaa mchana nilikuwa bado sijui kama kesho nitavaa aproni au nguo ya kanisa. Lakini kanisani tulitarajia wageni kutoka Sironga, na mimi ndiye shemasi wa chakula, basi nikapika cha wageni, nikafunika, jua likatua nikiwa nimemaliza. Nikalala nikijua jiko limeniponyoka.

Kanisa letu linatazamana na hoteli, barabara tu katikati. Shemasi hukaa mlangoni ili achunge wanaochelewa. Siwezi kusema niliyasikia mahubiri yote. Niliona wapishi wa kukodi wakiingia na kofia nyeupe ndefu. Nikaona magari, kisha Mheshimiwa akipitishwa mlango wa nyuma aone moto kwanza, utepe akate baadaye. Mwenzangu Esnah akaninong'oneza nigeuke nitazame mbele. Yeye mwenyewe alikuwa amegeuka.

Moshi wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Wa pili ukatoka mweusi, mzito, unanuka kama gurudumu linaloungua. Rangi ilikuwa imeyeyuka ukutani na kuchuruzikia kwenye sufuria ya ugali. Fred, afisa wa afya ya watu wote, ndiye aliyetoka wa kwanza. Lavender akafuata na viatu mkononi. Nyamongo akaja mbio kwa mlango wa mbele, na utepe ukakatwa na tumbo lake. Watu husema ni Mungu alifanya. Mimi nasema ni rangi ya mabati, na Mungu hakuona sababu ya kuizuia.

Tulipotoka ibadani tukaandaa chakula uani. Mheshimiwa akavuka barabara, macho mekundu, akiomba maji ya kunawa. Kwetu anayefika chakula kikiwa mezani haulizwi ni nani. Akapewa sahani. Akaongezewa. Akauliza ni nani aliyepika ugali ule wa wimbi, na kabla sijafungua mdomo Nyamongo, amejaa masizi mapya usoni, akasema huyo ndiye mpishi wetu wa hoteli.

Watu wote uani wakanigeukia. Nikajua nikinyamaza, Mheshimiwa akiondoka nitarudi kwenye gunia la Mosocho.

"Bwana Meneja," nikasema, "jiko si ulishampa mtu mwingine?"

Akasema hakuwa amempa, ilikuwa mashauriano. Mheshimiwa akaacha kutafuna, akamwangalia, akamuuliza ufunguo wa hoteli uko wapi. Nyamongo akautoa mfukoni, akaninyooshea mbele ya kanisa zima. Mkono wangu ulitaka kwenda. Niliushika kwa ule mwingine.

"Leo sizungumzi kazi," nikamwambia. "Njoo nao kesho."

Esnah alinikanyaga mguu. Jioni akaniambia mimi ni mjinga, mtu kama yule akilala na ufunguo huamka na mpango.

Jumapili saa mbili asubuhi nikaenda nikasimama mlangoni pa hoteli. Ilifika saa tatu. Ilipokaribia saa nne Nyamongo akaja, na Fred, na Lavender. Nikawaambia mambo mawili. Rangi yote itoke. Na kuanzia Ijumaa jua likitua mpaka Jumamosi jua likitua, mlango huu hufungwa. Nyamongo akasema la pili lingehitaji kamati. Nikamwuliza kama ile kamati iliyopaka ukuta rangi ndiyo hiyohiyo. Akanipa ufunguo.

Nikafungua. Fred akachungulia ndani, akashika pua, akauliza ukuta huu utasafishwa na nani.

Nikampa brashi ya waya. Lavender nikampa nyingine.