Mgongo wa Televisheni

"Kaburi la ndugu yangu halijaota hata majani, na nyinyi mwataka kupiga vigelegele dirishani pake!"

Aliyesema hivyo ni wifi yangu Shekha, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Msellem. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mkono mmoja umeshika buibui, wa pili umemwelekea Garama, rafiki wa marehemu. Maskini Garama hakuwa na mkono wa kujitetea. Betri ya gari ilikuwa kifuani mwake, ameileta kwa baiskeli kutoka Ganda, imechajiwa ikajaa, na uzito wake ulikuwa umeanza kumpinda mgongo.

"Shikamoo, Bi Shekha," akasema. "Mimi nimeleta betri tu. Msellem aliniambia mwezi wa pili: Garama, Michezo ikifika, betri ni juu yako. Hakuniambia kwamba akifa niache."

"Marahaba. Na huyo aliyekuambia yuko wapi sasa?"

Garama akainamisha kichwa. Hapo ndipo Stambuli muuza kahawa, mtu ambaye hajapata kuuona ugomvi akaupita, alipoliweka deli lake la kahawa chini na kupaza sauti.

"Lakini Bi Shekha, anayekaa eda ni mke. Televisheni haikuolewa!"

Njia nzima ikacheka. Nami nyuma ya pazia nikacheka, kisha nikajiziba mdomo kwa upindo wa leso kama niliyeiba. Ilikuwa siku yangu ya hamsini na moja ya eda, na ndicho kicheko changu cha kwanza.

Mume wangu aliinunua ile televisheni makusudi kwa ajili ya Michezo ya Afrika. "Afrika nzima yaja Nairobi, Kibibi," aliniambia mwaka huo wa themanini na saba ulipoanza, "na mimi nikae na redio sikioni kama babu?" Akaupandisha mlingoti wa boriti juu ya paa la makuti, akafunga antena, akautangazia mtaa wetu wote wa Muyeye kwamba mwezi wa nane nyumba ni yao. Wiki mbili baada ya Idi, akiwa anavua viatu ukumbini, alianguka. Hakuamka.

"Wifi," nikasema kutoka nyuma ya pazia, "waache. Ni ahadi ya ndugu yako."

"Ahadi ya maiti inatimizwa kwa dua, Kibibi, si kwa mpira." Akavuka njia akarudi barazani kwake, nyumba inayotazamana na yangu. "Fanya utakalo. Mimi humo simo."

Alikuwa hamo tangu zamani. Tangu matanga yaanuliwe, Shekha hakuvuka kizingiti changu. Kila asubuhi alikuja mlangoni, akaniuliza nimeamkaje, akaniletea mkate au muhogo, akaupokeza mkono wangu bila kuingiza hata kidole cha mguu. Na wanawake waliotaka kukaa nami wakapiga soga, yeye ndiye aliyewatazama kwa jicho lile lake mpaka wakakumbuka kwamba wameacha vyungu motoni. Eda si maulidi, alikuwa akisema. Baada ya mwezi hawakuja tena. Mimi, niliyezaliwa katika nyumba ya watu kumi na saba, mimi ambaye sikuwahi kumeza tonge bila mtu wa kumtania, nikabaki na kuta. Nikamhesabia Shekha kosa hilo kila siku, usingizi usipokuja.

Wanaume wasingeweza kuingia, kwa hiyo televisheni niliiweka mwenyewe dirishani, uso wake ukatazama njia kupitia kwenye nondo. Garama akaiweka betri juu ya kigoda huko nje, akaniingizia waya. Nikavuta pazia nyuma yake, nikaacha upenyo. Na hapo, jamani, ndipo nilipotambua nilichokifanya. Wao walipata uso. Mimi nilipata mgongo: kifuniko cheusi, matundu madogo madogo, na harufu ya vumbi linalopata moto.

Ningeweza kulia. Lakini nilikuwa nimechoka hata kulia, uchovu ule ambao hautoki kwenye kazi na kulala hakuuondoi. Nikavuta kiti, nikakaa, nikaweka jicho upenyoni.

Basi nikaanza kuitazama Michezo katika nyuso za watu.

Siku ya tatu nilikuwa nimeshajua kusoma. Mbio fupi zilikuwa kufumba na kufumbua: vinywa vinafunguka, vinafungwa, kwisha. Mbio ndefu zilikuja taratibu. Vijana wetu wakiwa mbele, watu walilegea wakaanza hata kuagiza kahawa, na Stambuli alimimina bila kuangalia kikombe. Ngumi zilichezwa na mabega ya wanaume. Kuna mmoja alikwepa mpaka akampiga kichwa aliyekuwa nyuma yake. Kuogelea hakukumshughulisha mtu. "Sisi tumekaa kando ya bahari na bado hawa wanaogelea kwenye birika," alisema Stambuli, na wengine wakatumia nafasi hiyo kwenda msalani. Adhana ikiita, Garama aliipunguza sauti bila kuambiwa, na Garama si Mwislamu.

Njia ilijaa kama alivyotaka Msellem. Hata hivyo hakuna aliyekuwa akinitazama, na hapana lawama, maana wangenitazama vipi? Nikafikiri: hata alipokuwa hai, nyumba ikifurika, mimi nilikuwa jikoni. Nilizisikia kelele zote, na magoli yote nilihadithiwa. Miaka kumi na tisa nilipenda nyumba iliyojaa, na miaka yote hiyo niliiona kwa mgongo. Wazo hilo halikuniumiza. Lilinikalia tu, kama mgeni asiyejua kuaga.

Na mbele kabisa ya macho yangu, juu ya vichwa vyote hivyo, ulikuwepo mlango wa Shekha. Yeye alikaa barazani kwake akiipa televisheni kisogo, anachambua mchele. Siku ya pili alikuwa ameugeuza ungo, amekaa ubavu. Siku ya tano alikuwa amesimama ndani ya mlango wake, nusu kivulini, shingo imenyooka. Kila Mkenya aliposhinda, sikumwona akipiga makofi. Nilimwona akiinua kiganja na kukishusha kwenye paja mara moja, polepole. Msellem alikuwa akifanya vile vile. Sikujua kwamba kulikuwa na mtu mwingine duniani mwenye kiganja kile.

Siku ya mwisho ilikuwa fainali ya kandanda, sisi na Misri. Sijui niseme nini juu ya mikono yangu siku hiyo. Nilikuwa nimejizoeza kupika kibaba cha mtu mmoja, kazi iliyonielemea kuliko msiba wenyewe. Lakini mchana ule mikono ilipima mchele kwa mazoea yake ya zamani, ikakuna nazi tatu, ikawapaka tui samaki wawili wakubwa. Nilipozinduka sufuria ilikuwa imejaa hadi ukingoni, nikaitazama kama ya mtu mwingine. Nani ataula wali huo wote?

Jioni njia haikuwa na pa kutia mguu. Nikasoma nyuso: zilikuwa na matumaini, kisha zikawa na dua. Halafu ghafla zikazimika zote kwa pamoja, kama taa za mtaa mmoja, na nikajua Misri wamefunga. Hakuna aliyepiga kelele. Stambuli aliketi juu ya deli lake lenye moto na hakusikia.

"Muda bado upo," alisema Garama. Lakini betri nayo ilikuwa imechoka. Nilisikia watu wakinung'unika kwamba picha inasinyaa, kingo zinakuwa nyeusi, wachezaji wamekuwa wadogo kama siafu. Umati ukasogea, ukajibana. Aliye mbali hakuona tena kitu.

Na huko ng'ambo, Shekha akatoka mlangoni.

Alivuka njia, buibui limemteleza kichwani bila habari. Wanaume wakampisha. Alikuja mpaka dirishani, akasimama ubavuni mwa nondo, na uso wake ukawa karibu na wangu kuliko ulivyopata kuwa tangu tuoshe vyombo vya matanga pamoja. Pazia tu ndilo lililokuwa kati yetu. Mwanga hafifu ulimcheza shavuni. Hakuwa akiitazama Misri wala Kenya. Alitazama kile kioo jinsi mtu anavyotazama njia anapomngoja msafiri.

"Sogea, Msellem, tuone," akasema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyesikia ila mimi.

Picha ikawa nukta, nukta ikazimika. Redio ya jirani ndiyo iliyotupa mwisho wenyewe: moja bila. Watu wakaanza kutawanyika bila kuagana, kama watokao mazishini. Garama akafungua waya.

"Bi Kibibi," akasema kwenye pazia, "tumeshindwa. Lakini ahadi tumeitimiza."

"Mmeitimiza. Mungu akulipe."

Nikampitishia sahani ya wali kwenye nondo, na nyingine ya Stambuli, ambaye alikula amesimama, kwa sababu anazozijua. Shekha alibaki pale pale.

"Wifi," nikamwita.

Akashtuka, akalivuta buibui. "Nimekuja kuwaambia wapunguze kelele."

"Hakuna anayepiga kelele."

Akashika nondo ya dirisha. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya katikati ya njia. "Wewe umepewa miezi minne na siku kumi, Kibibi. Watu wapita mlangoni kwako wapunguza sauti. Mimi dada, nilipewa siku tatu. Siku ya nne nilikuwa sokoni, mtu ananiuliza bei ya nyanya."

Siku zote zile nilidhani amesimama mlangoni kunilinda mimi nisicheke.

"Na humo ndani," akaendelea, akikitazama kile kioo cheusi, "kila nikifika kizingitini naviona viatu vyake. Najua havipo. Naviona."

Havikuwepo, nilikuwa nimevigawa. Nikatoka upenyoni. Nikapita ukumbini, pale pale, miguu mitupu juu ya saruji baridi, nikaenda mlangoni nikaondoa komeo. Nikafungua ubao mmoja wa mlango, kisha, kitu ambacho sikukifanya tangu jeneza lilipopita, nikafungua na wa pili, nikajibanza nyuma yake nisionekane njiani.

Miguu yake niliiona ikisimama mbele ya kizingiti. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshavuliwa.

"Nimepika wa watu kumi, wifi," nikamwambia. "Haya, ingia tule."